Tulishinda 12 kwa 10, lakini daftari langu linasema mengine

Picha zimeshazunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp ya chuo, kwa hiyo matokeo hayahitaji tena kutangazwa. Jumamosi ile ya Juni, kwenye mchanga wa Ufukoni, timu yetu ya raga iliwafunga wageni 12 kwa 10. Tangu siku hiyo nasimamishwa njiani, kantini, hata kwenye foleni ya kusaini bumu, naulizwa maswali mawili. La kwanza ni hili mchezo wenyewe unachezwaje. La pili ni ilikuwaje tukashinda kwa pointi 2 tu wakati kipindi cha pili wageni walionekana wamechoka kuliko sisi.

Mimi ni katibu wa timu. Siku ile sikucheza. Nilikaa pembeni dakika zote 14 na daftari la kozi ya mbinu za utafiti, nikiandika kila mpira uliopotea. Nahodha alitaka niandike taarifa ya kusifia, nami nilianza hivyo. Nilipoyasoma maandishi yangu upya usiku ule nikaona kuna ukurasa mmoja ambao sitaki kuuruka, maana unanihusu mimi mwenyewe. Nitaufikia. Kwanza tumalize swali la mchezo.

Raga (wengine hapa wanaiita ragbi, sigombani nao) ina sura mbili kubwa. Kuna ya wachezaji 15 kila upande, dakika 80. Halafu kuna ya wachezaji saba, ambayo vipindi vyake ni dakika saba saba na mapumziko hayazidi dakika mbili. Hii ya saba ilianzia Melrose, Scotland, mwaka 1883, na tangu Rio 2016 inachezwa kwenye Olimpiki. Sisi tunacheza ya saba kwa sababu moja rahisi: hatujawahi kupata watu 15 wanaofika mazoezini siku moja.

Mpira una umbo la yai. Unaruhusiwa kukimbia nao mkononi, kuupiga teke, au kumpasia mwenzako, ila pasi ya mkono lazima iende nyuma au ubavuni, kamwe isiende mbele. Ukivuka mstari wa mwisho wa wapinzani na kuugandamiza mpira chini, hiyo ni trai, pointi 5. Baada ya trai unapewa mkwaju wa nyongeza, pointi 2, ukiupitisha juu ya mwamba kati ya milingoti miwili. Kwenye raga ya saba mkwaju huo lazima uudondoshe mpira, uguse chini, ndiyo uupige. Na unaupiga ukiwa kwenye mstari ulionyooka na mahali trai ilipofungwa. Kumbuka jambo hilo, ndilo lililotupa ushindi.

Jambo lingine la kukumbuka: kwenye raga ya saba, aliyefunga ndiye anayeanzisha mpira. Ni kinyume na soka, ambako aliyefungwa ndiye anayeweka mpira kati. Maana yake ukishafunga unaupiga mpira juu kwenda kwa adui, na ukiweza kuukimbilia na kuudaka unaweza kufunga tena bila mwenzako kuugusa. Timu kali zinaua mechi hapo hapo. Sisi hatukudaka hata mmoja.

Sasa kuhusu uwanja. Walioshangaa kwa nini tulianza saa nne asubuhi badala ya jioni kama watu wengine wote, jibu ni bahari. Wakati wa bamvua maji hapa kwetu yanapwa sana mida ya saa nne asubuhi, na kati ya kujaa na kupwa kunakuwa na tofauti ya zaidi ya mita tatu. Mchanga unaoachwa na maji ni mgumu kiasi cha kukimbilia na laini kiasi cha kuangukia. Maji mafu hayatupi uwanja wa kutosha, kwa hiyo ratiba yetu inafuata mwezi. Bodi za vyuo zina kalenda zao, sisi tuna yetu. Tulipima uwanja kwa hatua, mfupi na mwembamba kuliko wa kawaida ambao unafika mita 100 kwa 70. Milingoti ilikuwa mianzi minne tuliyoazima kwa fundi mmoja, na mwamba ulikuwa kamba ya nailoni. Refa alikuja na wageni, kijana mstaarabu, akaikagua kamba, akacheka, akakubali.

Upepo wa kusi ulikuwa unakata uwanja mshazari tangu alfajiri.

Wageni walifunga dakika ya pili, pembeni kabisa kushoto. Mkwaju wao ukapeperushwa na kusi kama mfuko wa rambo. 5 kwa 0. Dakika ya tano winga wetu, mtoto wa Mikindani ambaye mpaka mwaka jana alikuwa beki wa soka, aliukamata mpira ulioanguka, akapita pembeni. Badala ya kuugandamiza pale pale alikovukia mstari, alizunguka akaenda kuuweka katikati ya milingoti. Mkwaju ukawa wa usoni, ukapita. 7 kwa 5. Tukaenda mapumziko.

Dakika ya tisa tulifunga tena, safari hii kwenye kona. Mkwaju ukakosa. 12 kwa 5. Dakika ya 13 wageni wakafunga, robo ya uwanja kutoka kulia. Mkwaju wao ulionekana unapita, halafu kusi akaukataa. 12 kwa 10. Wakaanzisha mpira, wakaudaka wenyewe, wakaja mpaka hatua kama kumi kutoka mstari wetu, ndipo winga yule yule alipomsukuma mtu wao nje ya uwanja na refa akapuliza.

Trai mbili kwa mbili. Tofauti nzima ya mechi ni zile hatua chache ambazo winga alizunguka kwenda katikati. Nilimuuliza baadaye nani alimfundisha. Akasema, "Hakuna. Niliona tu huko kuna nafasi." Kwa hiyo hata hilo moja tulilolifanya sawasawa hatukulifanya kwa kukusudia. Mazoezini sasa ni sheria: ukivuka mstari na hakuna anayekugusa, unaingia kati. Ila kuna mpaka wake, nimeshuhudia jamaa wa mwaka wa pili akizunguka kwa madaha hadi akanyang'anywa mpira. Hapo ni kichekesho cha wiki nzima.

Watu wananiambia, ushindi ni ushindi, pointi 2 au 20 yote sawa. Inategemea. Tarehe 19 Julai 2025, Kampala, Zimbabwe waliifunga Namibia 30 kwa 28 kwenye fainali ya Kombe la Afrika na kwa pointi hizo 2 wakapata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027, jambo ambalo hawakuwa wamelipata tangu 1991. Hapo pointi 2 zilitosha kabisa. Septemba 2023 kule Harare, Kenya ya wachezaji saba, Shujaa, iliifunga Afrika Kusini 17 kwa 12 na ikakata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Pointi 5, trai moja. Nazo zilitosha.

Lakini kuna Antananarivo, Julai 2014, na hiyo ndiyo nawasimulia wachezaji wetu kila wakilewa sifa. Timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji 15 ilianza mashindano ya kufuzu kwa kuifunga Namibia 29 kwa 22. Namibia ndio waliokuwa wamezoea kwenda Kombe la Dunia, kwa hiyo huo ulikuwa ushindi wa kuandikwa. Kenya wakawafunga na wenyeji Madagascar. Namibia nao wakaifunga Zimbabwe 24 kwa 20. Siku ya mwisho Zimbabwe wakaichapa Kenya 28 kwa 10, na siku hiyo hiyo Namibia wakawafunga Madagascar 89 kwa 10. Timu tatu zikawa zimeshinda mechi mbili na kupoteza moja kila mmoja. Ikabidi kuhesabu pointi za kufunga na kufungwa, na Namibia wakaenda Uingereza 2015. Kenya walikuwa wamewashinda Namibia uso kwa uso, lakini kwa pointi 7 tu, na zile pointi 7 zilifunikwa na 79 za mechi nyingine. Kila jambo dogo walilolikosa kwenye ule ushindi wa kwanza, siku ya mwisho lilikuja kudai.

Sisi hatuna Kombe la Dunia la kwenda. Raga ya Tanzania kwa muda mrefu imekaa Arusha na Dar es Salaam, huku Kusini ni soka. Tumekulia kwenye soka. Nusu ya timu yetu walikuwa watoto Nangwanda Sijaona ilipokuwa inafurika, Ndanda walipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, na bado wakikumbuka kushuka kwa 2020 wananyamaza kama wamefiwa. Faida ya kukulia kwenye soka ni pumzi na macho. Hasara ni kwamba mguu na mkono wa mwanasoka vinawaza mbele. Kwenye daftari nina pasi za mbele sita. Kila pasi ya mbele inawapa wapinzani skramu, ile ya watu watatu kwa watatu kusukumana, mpira wanaingiza wao. Sita kwa dakika 14! Dawa yake haina siri yoyote: kukimbia nyuma ya mwenye mpira badala ya sambamba naye. Unamwacha akutangulie hatua mbili, unaita. Ni mazoezi ya kuchosha, hayana raha, na hayakwepeki.

Tatizo kubwa zaidi, ambalo mtazamaji wa kawaida haoni, liko kwenye raki. Nieleze polepole kidogo.

Mtu mwenye mpira akiangushwa chini lazima auachie. Mpira unakuwa pale mchangani. Mwenzake anakuja kusimama juu yake, mpinzani naye anakuja, wanasukumana wakiwa wamesimama, na mpira unatoka upande wa walioshinda kusukuma. Hiyo ni raki. Kwa mwanafunzi mgeni wa mchezo, raki ni sehemu tamu kuliko zote. Ni mieleka halali. Kila mtu anataka kuingia. Na hapo ndipo tunapokufa.

Chukua uwanja wa kawaida, upana mita 70. Kwenye raga ya watu 15, ukiwapanga mstari mmoja kila mtu analinda chini ya mita 5. Kwenye raga ya saba kila mtu analinda mita 10. Sasa ingiza watu watatu kwenye raki. Wamebaki wanne kwa mita 70, zaidi ya mita 17 kila mmoja, na mshambuliaji mwenye mbio hahitaji hata mita 5 kupita. Ukishinda ile raki ni sawa, una mpira. Ukiishindwa, umeshafungwa, ni swali la sekunde ngapi tu.

Nilihesabu raki 11. Katika saba kati ya hizo tuliingiza watu watatu au zaidi. Trai ya kwanza ya wageni ilianzia hapo: watatu wetu wamekumbatiana juu ya mpira kama wanagombea maiti, mpira ukachomoka upande wa wageni, pasi mbili, pembeni kulikuwa na mtu peke yake na bahari. Kanuni tunayoijaribu sasa ni kwamba wa kwanza kufika ndiye anayeingia, wa pili anaangalia. Kama wa kwanza amesimama imara, wa pili anabaki nje kupokea. Kama wa kwanza anasukumwa, wa pili anaingia. Wa tatu haingii kabisa, hata kama mama yake mzazi ndiye aliyelala chini ya raki. Mwalimu wetu, ambaye si mwalimu wa chuo bali kijana aliyejifunza mchezo huu Arusha akiwa shule na sasa anafanya kazi zake hapa mjini, anatusimamisha kila mtu wa tatu anapoingia, na wote tunapiga pushapu, isipokuwa yule aliyekosea. Yeye anatuangalia. Kanuni hiyo inauma kuliko pushapu zenyewe.

Kuanzisha mpira, mikwaju, kupanga safu, hayo yanahitaji muda tu na sina la kuongeza.

Nilisema kuna ukurasa unaonihusu.

Kukaba kwenye raga si kumrukia mtu. Sheria inakataza kumkaba mpinzani juu ya mstari wa mabega, na kadi nyingi za siku hizi zinatoka hapo. Nchi kadhaa zimeshusha mpaka huo zaidi kwa wachezaji wa ridhaa. England tangu 2023 wamesema chini ya mfupa wa kifua. Mtu anadhani sheria hii inamlinda anayekabwa. Kwa kiasi kikubwa inamlinda anayekaba, kwa sababu vichwa viwili vikiwa kwenye usawa mmoja ndipo vinapogongana. Unatakiwa ushuke, bega liguse paja au kiuno cha mwenye mpira, mikono izunguke, na kichwa kiwe nyuma au pembeni ya mwili wake, upande wa makalio. Kichwa kikiwa mbele ya mwili, mtu anakimbia na nyonga zake zote na goti lake, vinapita juu ya kichwa chako.

Mara tu baada ya trai yetu ya pili, wageni walidaka mpira na mtu wao mmoja mnene akaja moja kwa moja. Beki wetu wa mwisho akamshukia. Akamwangusha, na ufukwe mzima ukashangilia. Ila kichwa kilikuwa upande usiofaa. Nimeandika kwenye daftari kwa kalamu iliyotikisika: "kichwa mbele, nyonga". Alilala sekunde kadhaa. Akainuka, akatembea kuelekea upande wa wageni, akageuka.

Refa alisimamisha mchezo, akamwangalia, halafu akaniangalia mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimesimama pale na orodha mkononi. Akauliza, "Vipi kiongozi, huyu anaendelea?"

Nikasema, "Yuko freshi."

Sikumuuliza yeye mwenyewe. Nilitazama benchi. Tulikwenda na watu tisa. Wawili wa akiba: mmoja alikuwa ameshateguka kifundo cha mguu wakati wa kupasha misuli, mwingine ni wa mwaka wa kwanza, ana wiki mbili za mazoezi. Tulikuwa tunaongoza 12 kwa 5 na dakika zimebaki nne. Hesabu yote niliyoifanya ilikuwa hiyo.

Dakika ya 13, mshambuliaji wao alipita mahali ambapo beki wetu alipaswa kuwa. Hakuwepo. Alikuwa amesimama hatua kumi kulia, anaangalia bahari. Ndiyo ile trai ya 12 kwa 10. Wenzangu walimfokea. Kwa hiyo hata ukiniondolea utu wote ukanibakizia hesabu tupu, uamuzi wangu ulikaribia kutupotezea mechi. Mwaka wa kwanza wa wiki mbili angalau angekuwa mahali pake.

Baada ya filimbi tulimbeba juu pamoja na winga. Kwenye bajaji njiani kurudi aliniuliza, "Kaka, imekuwa ngapi ngapi?" Nikamwambia. Tulipofika karibu na soko akaniuliza tena, kwa sauti ile ile, kwa maneno yale yale. Hapo ndipo nilipomwambia dereva ageuze twende hospitali. Dada wa zamu alinisikiliza, akaniuliza saa ngapi amegongwa, akaandika, halafu akaniuliza alikaa pembeni muda gani kabla ya kurudi mchezoni. Nikamwambia hakutoka. Alininyamazia.

Hali yenyewe inaitwa mtikisiko wa ubongo. Fuvu halijavunjika, damu haionekani, na mara nyingi mtu hapotezi fahamu kabisa, ndiyo maana tunadanganyika. Kilichotokea ni kwamba ubongo umetikiswa ndani ya fuvu na kwa muda haufanyi kazi yake sawasawa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga kuumiza macho, kusahau, kuuliza jambo lile lile, kuyumba, kuelekea upande usio wako. Nyingine hazitokei papo hapo, zinakuja baada ya saa kadhaa. Mtu mwenye hali hiyo akigongwa tena kabla hajapona, madhara yanaweza kuwa makubwa kupita yale ya kwanza, na kwa vijana imewahi kutokea ubongo ukavimba hadi kuua.

Kwenye televisheni utaona mchezaji anatolewa, anapimwa na daktari, anarudi. Huo ni utaratibu wa ngazi za juu wenye madaktari waliofunzwa na picha za marudio. World Rugby, shirikisho la dunia, kwa mchezo wa ridhaa wanasema tofauti kabisa: ukishuku tu, mtoe, na siku hiyo harudi. Hakuna kupima, hakuna "ngoja tuone". Baadaye anapumzika, anarudi kwenye masomo na mazoezi mepesi hatua kwa hatua, dalili zikirudi anashuka hatua moja, na anarudi kwenye kugongana mwishoni kabisa baada ya kuruhusiwa na daktari. Kanuni hiyo ilikuwa kwenye simu yangu. Mwalimu aliituma kwenye grupu Februari, mimi mwenyewe nikajibu kwa kidole gumba.

Beki wetu hakuweza kusoma kwa siku nyingi. Alikuwa na tesiti Jumanne. Alikaa mbele ya swali la kwanza hadi muda ukaisha, kisha akatoka nje akakaa chini ya mwembe na shati kichwani kwa sababu ya mwanga. Mama yake alinipigia simu kutoka Newala. Sikutegemea atakuwa mpole. Aliniuliza, "Mwanangu, huo mpira mnalipwa?" Nikamjibu hapana mama, ni wa kujitolea. Akasema haya, akanishukuru kwa kumpeleka hospitali. Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu.

Sasa anaendelea vizuri. Amerudia tesiti. Anakuja mazoezini kukaa na mimi pembeni, na alipoisoma rasimu ya makala hii alinisahihisha kitu kimoja: anasema anaikumbuka trai ya kwanza vizuri kabisa, ya pili haikumbuki hata nikimwonyesha video. Kwenye video anaonekana anacheka.

Kuna mjadala kwenye timu kama niliandike hili. Nahodha anaogopa serikali ya wanafunzi itatufutia hata ile bajeti ya mipira miwili tuliyoahidiwa, na wazazi watawakataza wadogo zao kujiunga. Sidhani kama hofu yake ni ya bure. Lakini Septemba, wanafunzi wapya wakianza kuripoti, tutaweka meza kwenye viwanja na kuwaita waje kucheza, na tutawaonyesha picha ya winga juu ya mabega ya watu. Aliyeko kulia kwenye picha hiyo hajui yuko wapi.

Tumebadilisha mambo kadhaa. Hatuchezi mechi tukiwa chini ya watu kumi wazima, hata kama wageni wameshapanda basi. Mazoezi ya kukaba yanaanza kwa magoti mchangani, polepole, bega la kulia kisha la kushoto, na hakuna anayesimama mpaka mwalimu aone kichwa kiko nyuma. Wa mwaka wa kwanza wanapewa dakika kwenye kila mechi, wawe tayari au wasiwe, maana akiba isiyocheza si akiba. Na katibu hana tena mamlaka ya kumjibu refa. Tumemwomba dada mmoja anayesomea uuguzi, hachezi, hajui hata trai ni pointi ngapi na ameniomba nisimfundishe. Akinyanyua mkono, mtu anatoka. Wiki iliyopita mazoezini alimtoa nahodha kwa kugongana na mwenzake vichwa. Nahodha alilalamika sana. Dada akamwambia akae kivulini, akampa maji, akaendelea kuangalia uwanja.

Marudiano na wageni ni bamvua ya mwezi mchanga, saa nne asubuhi, pale pale. Mpaka leo jioni nina majina tisa.